Kilo Kumi na Tano Upande wa Pili

Jumatatu, tarehe 4 Machi mwaka 2019, saa mbili na nusu asubuhi, mshona mifuko wa chumba cha mizani alimsimamisha binti yake juu ya mizani ya kupimia watu, akavaa miwani, akainama na kusoma kilo hamsini na tisa. Juma lililotangulia zilikuwa sitini na moja. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Mshale ulibaki pale pale.

Alimkagua binti yake kuanzia utosini hadi kwenye soksi, kwa jicho la mama aliyemnunulia mtoto nguo tangu akiwa wa kubebwa. Mashavu yalikuwa yale yale. Suruali ilimkaa kiunoni kama ilivyomkaa Jumatatu iliyopita, na kifungo chake kilikuwa bado kinalalamika. Mtu aliyepungua kilo mbili kwa siku saba angeonekana shingoni, au mikononi, au mahali fulani. Huyu hakuonekana popote.

"Nishuke, mama? Nina kazi."

"Shuka, mwanangu."

Binti aliposhuka, mama alifungua daftari, na kwa mwandiko wa duara aliofundishwa katika darasa la watu wazima akaandika sitini na moja.

Ili msomaji aelewe kosa hilo lilikuwa kosa gani, ni lazima aelezwe kazi iliyofanyika katika chumba kile. Kilikuwa chini ya ardhi, katika chuo cha sayansi, ngazi ishirini na mbili kutoka kwenye korido. Kuta zake zilikuwa za zege, na nyuma ya zege ni udongo mtupu. Katikati yake ulisimama mtungi wa kioo ulionyonywa hewa yote, na ndani ya mtungi mlikuwa na vibati viwili, kila kimoja sawa na kifungo cha koti. Kimoja kilishikwa na skrubu. Cha pili kilining'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi ilikuwa kuvisogeza karibu, na karibu zaidi, mpaka nafasi kati yao iwe ndogo kuliko unene wa unywele huo, kisha kupima vinavutana kiasi gani. Kalamu ya mashine ilichora jibu kwenye karatasi iliyojiviringisha polepole bila kupumzika.

Kwa kuwa kila kitu chenye uzito huvuta kingine, mizani ile ya vibati ilimhisi hata mtu aliyepiga chafya kitini. Kwa hiyo iliwekwa sheria. Chumba kilikuwa na viti vitatu vya wafanyakazi watatu. Karibu na mlango alikaa Profesa. Hatua tatu kutoka kwenye mtungi alikaa fundi wa mitambo, mwanamume mnene na mcheshi ambaye wenzake walimwita Tani. Hatua moja tu kutoka kwenye mtungi alikaa binti, aliyekuwa mtafiti. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa turubai, uliojazwa mchanga wenye uzito wake kamili. Mtu akiinuka, hata kama anakwenda kunywa maji tu, mfuko wake ulipandishwa kitini kwa winchi ndogo, ili mizani isijue kwamba ameondoka. Mama ndiye aliyeishona mifuko hiyo, na kila Jumatatu ndiye aliyewapima watu na kuongeza au kupunguza mchanga kwa kikombe. Aliipata kazi hiyo kwa sababu mshono wake haukuvujisha hata punje, na kwa sababu alikuwa ameshajua kusoma tarakimu na kuziandika.

Siku ya kwanza alikuwa amemwambia Profesa kwamba yeye hashoni nguo bila kujua inakwenda kuvaliwa na nani. Profesa alicheka, lakini alikaa naye nusu saa nzima na kipande cha turubai magotini. Alimweleza kwamba mahali palipoondolewa kila kitu, hata hewa, si bure. Wataalamu wanapaita ombwe, na kwa mahesabu yao ombwe lina uzito. Ukiufuata uzito huo kwa kalamu, unakuwa mkubwa kiasi kwamba mbingu zote zingetawanyika kabla nyota ya kwanza haijawaka. Lakini ukizipima mbingu zenyewe, unakuta uzito huo ni mdogo mno, karibu na hakuna. Kati ya hesabu na kipimo pana tofauti ya moja inayofuatwa na sifuri mia moja na ishirini. Mama aliporudi nyumbani alizichora sifuri hizo kwenye daftari lake la mazoezi, thelathini kwa kila mstari, na mstari wa nne ulipokwisha mkono ulikuwa unamuuma.

Kuhusu mahali ulikokwenda uzito huo, Profesa alisema hakuna ajuaye, ila wako wanaodhani kwamba ulimwengu wetu mzima, pamoja na nyota, mawe, watu na mwanga, ni kama uzi uliofumwa ndani ya turubai moja. Nje ya turubai kuna nafasi nyingine, na huenda kuna turubai nyingine. Mwanga hauwezi kutoka kwenye turubai lake. Mvutano pekee ndio unaoweza. Basi huenda uzito wa ombwe unaikunja nafasi ya nje, huku turubai letu likibaki limenyooka. Ikiwa ni hivyo, penye vitu vilivyokaribiana mno mvutano unapaswa kuvuja kidogo.

"Kwa hiyo tunatafuta tundu," alisema Profesa.

"Na mkilipata, Mwalimu, mtaliziba na nini?"

Profesa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto ambaye hajazaliwa.

Sasa turudi kwenye daftari. Uso wa mizani ya watu ulikuwa na safu mbili za tarakimu, ya nje ya kilo na ya ndani ya kipimo cha kigeni. Mwezi wake wa kwanza kazini, mama alisoma safu ya ndani na kumwandikia Tani kilo mia mbili na kumi. Juma zima Tani alimwamkia kwa kumwomba aihurumie sakafu. Ulikuwa utani usio na sumu, lakini mama ambaye alianza kushika kalamu akiwa na miaka hamsini na miwili hakuusikia kama utani. Tangu siku hiyo, kila mshale uliposema jambo lisilo la kawaida, alijishuku yeye kwanza na mizani baadaye. Ndiyo maana tarehe 11 Machi, mshale uliposoma hamsini na saba, aliandika sitini na moja. Na tarehe 18, uliposoma hamsini na nne, akaandika tena sitini na moja. Mchanga wa binti haukuguswa.

Nyumbani, hata hivyo, macho yake hayakutulia. Walikuwa wakiishi wawili katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Ngazi za jengo zilikuwa za mbao, na kwa miaka yote mama alimjua binti yake kwa mlio wa ngazi ya nne, iliyokuwa inalia kama imekanyagwa mkia. Sasa alikuwa akishtukia mlango umefunguliwa na mtu yuko ndani. Binti alipotoka kuoga, nyayo zake za maji sakafuni zilikuwa nyepesi, za vidole tu, kama za mtu anayenyata. Alipolala, godoro halikuzama. Siku moja barabarani upepo wa kawaida, usioweza kumvua mtu kofia, ulimsukuma hatua mbili hadi kwenye ukuta wa duka la viatu. Akacheka, akasema viatu vinateleza. Alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, na kazini mambo yalikuwa yamemnyookea.

Hilo la kazi lilikuwa kweli. Tangu tarehe 5, kila binti alipoinuka na mfuko wake kupandishwa kitini, mstari wa kalamu uliruka. Tani ndiye aliyeuona kwanza. Alikagua winchi, akakagua waya, akakagua hata kiti. Kila juma mruko uliongezeka. Profesa, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa amechora mstari ulionyooka, alianza kutembea akipiga mluzi. Tarehe 25 Machi asubuhi aliwakusanya wote akawasomea barua aliyokuwa anataka kuipeleka kwenye jarida la wataalamu. Alisema uvujaji umepatikana, na kwamba wana majuma matatu ya vipimo visivyo na dosari, kwa kuwa daftari la mifuko linaonyesha uzito wa kila mtu haukubadilika hata kidogo.

Dakika ishirini kabla ya hapo mama alikuwa amempima binti na kusoma kilo hamsini kamili. Tarakimu ya juma hilo alikuwa hajaiandika. Alisimama na daftari kifuani, akapiga moyo konde.

"Mwalimu, usiitume hiyo barua. Daftari limedanganya. Mimi ndiye niliyelidanganya."

Alizitaja tarakimu zote nne, za kweli, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimemkaa kichwani kama majina ya watoto. Tani alisema kwa upole kwamba pengine mama amesoma tena safu ya ndani. Mama alimwambia ampime binti yeye mwenyewe, asome. Tani alimpima binti, akampima tena, akaenda kuleta mizani nyingine kutoka ghorofa ya juu, akampima mara ya tatu. Kisha akakaa chini, na utani wote ukawa umemwishia.

Profesa hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimuuliza mama kama anajua amefanya nini. Mama alisema anajua. Profesa akachana barua, akachukua tarakimu za kweli, akaanza kupiga hesabu upya, huku binti akimsaidia bila kumtazama mama yake usoni.

Ilichukua mpaka saa nane mchana. Mara tu mfuko uliozidi mchanga ulipohesabiwa kwa uzito wake sahihi, ile miruko mikubwa yote ilikufa. Lakini mstari haukunyooka. Chini ya miruko kulikuwa na kitu kingine kilichofunikwa nayo: uzito mdogo, hatua moja nyuma ya kiti cha binti, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa zege na udongo. Juma la kwanza ulikuwa wa kilo mbili. La pili, nne. La tatu, saba. Asubuhi hiyo, kumi na moja.

Hakuna aliyehitaji kujumlisha. Kilichopungua huku kilikuwa kimekaa kule.

"Nyoosha mkono wa kushoto," Profesa alimwambia binti. Binti alikaa kitini, akanyoosha mkono. Kalamu ikachora kilima kidogo, ambacho ni mkono wake. Sekunde tatu baadaye ikachora kilima kingine, kidogo zaidi, kutoka ndani ya ukuta.

Tani alisogeza kiti chake nyuma mpaka kikagonga kabati.

Walipima watu wote na mifuko yote. Mifuko ilikuwa salama. Mchanga haukupotea hata gramu. Profesa naye alikuwa salama, kwa kuwa alikaa mlangoni. Tani, ambaye dakika tano kabla alikuwa anashauri waendelee kidogo kwa faida ya sayansi, aliambiwa amepungua gramu mia tatu. Akasema kwamba mkewe amehangaika kumpunguza gramu hizo kwa miaka sita, lakini yeye hakukubali zichukuliwe na ukuta, na hapo hapo akashauri mtambo ufungwe.

Kuufunga kulikuwa rahisi. Kichwa cha skrubu kilikuwa nje ya mtungi. Ukikizungusha mara tatu, vibati vingeachana upana wa kidole, na tundu, kama lilikuwa tundu, lingejifunga. Lakini Profesa aliomba wasubiri. Na kwa haki ni lazima isemwe kwamba safari hii hakuwa anaifikiria barua. Alisema kinachovuja kwenda kinaweza kuvuja kurudi. Wakifunga sasa, kilo kumi na moja za binti zitabaki kule moja kwa moja. Binti naye alisema hivyo hivyo. Wakakubaliana binti asishuke tena chumbani, apimwe kila siku juu kwenye korido, na mtambo uachwe wazi.

Jumanne uzito wa ukutani ulipungua gramu mia mbili, na za binti zikaongezeka mia mbili. Mama alilia kwa furaha mbele ya watu, bila haya. Jumatano binti alikuwa kilo arobaini na nane. Hakuwa ameshuka ngazi hata moja. Alikuwa amelala nyumbani siku nzima, mitaa mitano kutoka chuoni. Umbali wa hatua haukuwa na maana tena. Kule alikokuwa anakwenda kulikuwa karibu naye sawasawa popote alipokuwa, karibu kuliko shati lake.

Alhamisi, tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi, mshale ulisoma arobaini na sita. Kilo kumi na tano zilikuwa zimevuka. Mama hakuandika kwanza. Alimshika binti mkono, akashuka naye zile ngazi ishirini na mbili, na njiani alisikia nyayo zake peke yake.

Profesa na Tani walikuwa wamesimama mbele ya karatasi. Uzito wa ukutani haukuwa tena ukutani. Tangu alfajiri ulikuwa umeinuka, ukasogea, na sasa ulikuwa kwenye mtungi kabisa, upande ule mwingine, mahali ambapo mtu angesimama kama angetaka kuchungulia ndani. Mama alikwenda akashika kichwa cha skrubu.

"Mama, subiri," alisema binti. "Ukifunga, kile kilichovuka kinabaki kule. Jumanne kilirudi."

"Kilirudi gramu mia mbili. Tangu hapo zimekwenda kilo nne. Mwanangu, ukifika arobaini utakuwa nani? Ukifika kumi?"

"Lakini kile ni mimi."

"Najua ni wewe."

Profesa alisema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumwamuru, wala hawezi kumkataza. Tani aligeukia ukuta.

Mama alitazama karatasi. Kalamu ilikuwa imeanza kuchora kitu kipya, mawimbi madogo, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Alikitambua bila kuelezwa. Tangu binti yake ajue kusimama, alipoogopa alikuwa akihamisha mwili kutoka mguu huu hadi mguu ule. Alifanya hivyo mbele ya daktari wa meno, alifanya hivyo kwenye mazishi ya baba yake. Mama aligeuka kumtazama aliye nyuma yake. Binti alisimama wima, ametulia tuli, miguu yote miwili imegusana. Wa upande ule ndiye aliyekuwa anaogopa.

Kwa muda ambao hakuweza kamwe kuukadiria, mama alisimama na mkono kwenye chuma kile, akiwa na mtoto nyuma yake na mtoto mbele yake. Huyu alikuwa na uso, alikuwa na sauti, alikuwa na kilo arobaini na sita. Yule alikuwa na hofu, na kilo kumi na tano. Uzito wa mtoto wa miaka mitatu, alifikiri, umri wa kubebwa bado.

Akazungusha mara moja. Mawimbi yaliongeza kasi. Mara ya pili. Mara ya tatu mstari ulinyooka, ukabaki umenyooka, na binti akajishika tumbo kama mtu aliyeshuka ngazi moja zaidi ya zilizopo.

Kilo hazikupungua tena, wala hazikurudi. Binti yuko hai. Madaktari wawili walimpima damu, mifupa na moyo, wakasema hana ugonjwa, kisha wakamwomba apande tena kwenye mizani, na wote wawili wakaagiza mizani mpya. Siku hizi anafundisha hesabu katika shule ya sekondari na hutembea na mkoba uliojaa vitabu vizito siku za upepo. Ni mchangamfu. Hakuna jambo linalomtisha: si radi, si mbwa, si kuuguliwa. Majirani wanamsifu kwa moyo huo wa chuma, na mama huitikia sifa hizo, kisha huingia ndani.

Chumba cha chini kilifungwa kwa kufuli. Profesa aliandika barua nyingine, ya kweli, yenye kila kitu, na jarida likaikataa kwa adabu, kwa sababu majuma matatu ya daftari lake yalikuwa na tarakimu za kubuni na mwandishi wa daftari alikiri. Hawakukosea. Mama mwenyewe angewashauri hivyo. Hata hivyo aliendelea na masomo ya jioni mpaka akapata cheti, na siku alipokabidhiwa alimuuliza mwalimu wake kama kuna namna ya kumwandikia barua mtu ambaye mwanga haumfikii.

Vyumba kama kile vipo vingine, na mitungi ipo, na sasa hivi mahali fulani mtu mwenye akili na bidii anasogeza vibati karibu kidogo zaidi ya jana. Majarida hayatamwambia. Basi wewe uliyefika hapa, msomee mwenzio, hasa asiyejua kusoma, naye amweleze wa tatu, mpaka habari hii imfikie mama wa mtu huyo. Na yeye akimwona mwanawe akipanda ngazi bila mlio, asijishuku, ampime siku hiyo hiyo.